Neno la Mzee Naftali

Mzee Naftali alikuwa anazikwa alasiri ile kule kijijini Kikwe, na neno lake la mwisho lilikuwa bado mjini, Lemara, ndani ya kompyuta ya binti yake Esther iliyogoma kuwaka.

Neno hilo lilikuwa video. Esther alitega kamera mwenyewe, kisha mzee akamfukuza chumbani. "Mtaifungua siku ya kunizika. Ni habari ya Solomoni." Solomoni, kaka yake Esther, aling'oa mibuni ya baba bila ruhusa akapanda nyanya, na tangu hapo hawakusemezana. Baba mdogo Fanuel, msemaji wa ukoo, alishakata shauri: bila msamaha wa baba, Solomoni hatii udongo kaburini.

Solomoni aliichomoa diski ya kompyuta hiyo, akaiunganisha na laptop yake kwa waya wa USB. Kwenye tundu jeusi, lile la polepole, mashine ilidai muda wa saa mbili kunakili kila kitu. Akahamia tundu la buluu, ikadai nusu saa. Bado hakuridhika.

"Nikiichomeka ndani ya kompyuta yangu ya mezani, kwa waya wa SATA, itakimbia zaidi."

"Punda ni kilema, we unambadilishia barabara!" Esther alifoka. Diski ilikuwa inagonga ko, ko, ko, kama inayokata roho. "Chukua ile video moja tu, twende!"

"Tuanze na picha za mama."

Hapo ndipo Esther alipoona kaka yake anakwepa hata kulitazama faili la video. Kumbe jitu zima lile, na ubishi wake wote wa matundu na nyaya, lilikuwa linaogopa kumsikia baba. Hasira na huruma vilimjia pamoja, akamwacha aanze na picha, na hilo ndilo kosa lake.

Picha zilipita zote. Zamu ya video ilipofika, diski iligonga kwa nguvu, ikanyamaza. Wakabadilisha waya, wakaichomeka upya tundu la buluu, hata lile jeusi. Diski haikuonekana tena popote.

Walifika Kikwe jeneza limeshateremshwa. Fanuel alishika koleo, waombolezaji wamemzunguka.

"Esther mwanangu, wewe ndiye uliyemrekodi. Baba yako alisemaje?"

Siku ile ya kurekodi Esther alikuwa nje kwenye migomba, na alichosikia ni kikohozi tu.

"Alimsamehe."

Fanuel alimkabidhi Solomoni koleo. Solomoni akainama karibu na dada yake, macho mekundu. "Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Tia udongo, kaka."