Nilisema Tupu

Asubuhi ya Jumanne ambayo kaka hakurudi, aliondoka nyumbani na kikombe changu cha chai mkononi. Alikinywea njiani, tukafika kiwandani akakiweka juu ya sanduku lake la spana. Kikombe kile hakikuvunjika. Karibu kila kitu kingine kilichokuwa pale kilivunjika.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha unga. Mimi nilishona midomo ya viroba, yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tuliishi nyumba moja pia: yeye, wifi yangu, watoto wao wawili, na mimi kwenye chumba cha mbele.

Mashine iliyomuua tuliiita kimbunga. Ni pipa kubwa la bati lililokaa juu ya koni, pana juu, jembamba chini, na kwa urefu linashinda nyumba. Feni huvuta hewa yenye vumbi la unga kutoka kwenye kinu na kuiingiza ubavuni, kwa hiyo hewa inazunguka ndani kama iliyofukuzwa. Unga ni mzito kuliko hewa, basi unatupwa ukutani, unateleza kwenye koni mpaka kwenye kiroba. Hewa inapanda katikati na kutokea juu ikiwa safi. Nilipoanza kazi sikuelewa. Kaka alichukua ndoo ya maji, akaizungusha juu ya kichwa chake, tena na tena, hata tone halikuanguka.

"Umeona? Maji yamebanwa ukutani. Na unga ndivyo unavyobanwa," alisema. Kisha akasimamisha mkono ghafla, maji yote yakanimwagikia, na kinu kizima kikacheka.

Shida ya kimbunga chetu ilikuwa moja. Siku za unyevu unga uliganda kwenye koni na njia ikaziba. Dawa yake ilikuwa nyundo. Kila zamu iligonga, wengine kwa hasira zao za nyumbani. Mwendesha kinu alikuwa akitema mate viganjani na kusema, "Hii ya mama mkwe," puu, "na hii ya shemeji," puu. Msimamizi wetu alipenda kusema punda haendi bila kigongo, akasema mno mpaka jina lake likawa Kigongo.

Kaka peke yake hakucheka. Kila pigo liliacha bonde kwenye bati, na bonde la nje ndani ni kilima. Unga ulikaa juu ya vilima vile kama vumbi juu ya kabati. Kesho yake kuziba kulizidi, na kupiga kukazidi. Miaka sita hivyo, koni ikawa na uso wa mtu aliyeumwa ndui.

"Mnampiga kwa kosa mlilomfundisha wenyewe," kaka aliwaambia.

"Basi muoe," mwendesha kinu alimjibu.

Kugonga kulikuwa pia ndiyo njia yetu ya kupima. Koni ikiwa na unga ilisema du. Ikiwa tupu ililia ngaa, kama kengele. Watu walikubaliana kwamba sikio langu halikosei. Nilikuwa nimeketi chini yake miaka mitatu.

Jumanne hiyo bati lilichoka. Bonde moja lilipasuka, unga ukaruka nje kama damu kutoka kwenye mshipa, mweupe, ukawapiga watu machoni. Feni ikazimwa. Kigongo alikuja akikimbia, akamwita kaka aweke kiraka.

"Nifungue mlango wa koni kwanza," kaka alisema. "Nifagie ndani."

"Mlango una nati kumi na mbili zenye kutu. Utamaliza lini? Gonga, ikilia, chomelea."

"Mzee, unga ule na moto ni baruti."

"Unanifundisha kazi? Mimi niko hapa tangu wewe unanyonya!"

Kaka alichukua spana, akaanza nati ya kwanza. Kigongo aliipiga teke spana ikaruka, ikamgonga mwendesha kinu kwenye goti. Kaka aligeuka. Alikuwa mtu mpole, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Alimshika Kigongo koo na kumbamiza kwenye nguzo, mara mbili. Kigongo akamkita kichwa puani. Damu ilimwagika kwenye unga sakafuni ikawa madonge. Watu walipiga mayowe, wengine ya kuamulia, wengine ya kuchochea. "Mmalize, fundi! Mmalize!" Kigongo akaokota kipande cha bomba.

Niliogopa bomba lile. Nilijua kwamba likimshukia kaka kichwani, wifi yangu atakuwa mjane asubuhi hiyo hiyo. Basi nikanyakua nyundo, nikapiga koni kwa nguvu zangu zote. Moja, mbili, tatu. Nikaizunguka nikipiga. Sauti ilikuwa kubwa mpaka wote wawili waliacha.

"Inalia!" nilipiga kelele. "Kaka, inalia. Tupu!"

Ililia kweli. Ila nilipiga palipobaki laini, palipokuwa karibu na mkono wangu. Kule juu kwenye mabonde sikufika, na sikutaka kufika. Nilitaka tu waache.

Kaka alifuta pua kwa mkono wa shati. Alinitazama.

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Tupu."

"Haya." Kama angesema nami kwa ukali, ningelala vizuri zaidi leo.

Kigongo alitupa bomba na kwenda ofisini kuosha uso. Kaka alipanda ngazi, akavaa ngao ya macho, akawasha moto wa kuchomelea.

Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, kama mtu aliyepigwa tumboni. Koni ilifura, ikachanika kwenye mabonde yake yote kwa pamoja. Nilimwona kaka akiondoka kwenye ngazi bila kuanguka, yaani akienda pembeni, hewani. Mtikisiko ule uliangusha vumbi la miaka lililokaa juu ya mihimili. Likatanda ukumbi mzima. Kisha moto ukalifikia, na huo ndio ukawa mlipuko wenyewe. Ukuta wa upande wa barabara ulitoka mzima mzima. Rundo la viroba lilinilalia, nikasikia nywele zangu zikiwaka na mtu akiita mama yake. Sijui kama aliyeita ni mimi.

Kaka walimkuta kwenye uzio. Mkono wake wa kulia haukuwa naye. Alikuwa hai bado, akaendelea kuwa hai mpaka saa nane mchana, na katika muda huo hakuuliza lolote.

Wiki tano baadaye tuliitwa mbele ya watu watatu waliotumwa kuchunguza. Wifi yangu alikaa nyuma na mtoto wao mkubwa. Kigongo alikula yamini.

"Nilimwagiza afungue mlango wa koni," alisema. "Alikuwa mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mwenyekiti aliandika. Niliiona kalamu ikitembea, nikajua inachoandika: uzembe wa fundi. Karatasi ile watoto wangeisoma wakishakua. Wangeamini kwamba baba yao alijiua kwa uvivu wa kufungua nati.

Nilisimama, na bandeji yangu kichwani.

"Si kweli. Fundi alianza kufungua. Huyu aliipiga teke spana. Akasema gonga, ikilia, chomelea."

"Huyu ni mshona viroba tu!" Kigongo alifoka. "Muulizeni basi, nani aligonga? Nani alisema tupu?"

Alidhani amenifunga mdomo. Mpaka siku hiyo wifi yangu alikuwa hajui; waliosikia walikuwa wamenisitiri.

"Ni mimi," nilisema. "Niligonga mimi. Nilisema tupu, na sikugonga juu."

Mwendesha kinu, kwa magongo yake mawili, akasimama na kusema ameona yote, teke lile pia. Mwenyekiti alikata mstari alioandika, akaanza upya.

Wifi alinisubiri kwenye ukumbi wa nje. Alinipiga kofi, kisha la pili, kisha akavua kiatu. Alinipiga palipoungua, na mimi sikuinua mkono. Mtoto alilia, "Mama, shangazi anatoka damu!" Ndipo alipoacha. Alikaa chini sakafuni na kiatu mkononi.

"Alikuamini," alisema.

"Ndiyo, wifi."

Hatujasema mengine tangu hapo, ingawa nyumba ni ile ile, na chai ananiwekea.

Kigongo hayupo tena kazini. Kimbunga kipya kimeletwa, koni yake ni laini na nyundo hairuhusiwi kuikaribia. Ikihitaji kuchomelewa, feni inazimwa, mlango unafunguliwa, na mimi ndiye ninayeingiza mkono mpaka begani na kupapasa ukuta wote. Mlango una nati kumi na mbili. Zinachukua dakika ishirini.