Pini Kumi na Moja za Mgongoni

Kazi yangu dukani ilikuwa kudanganya mgongoni. Kwenye karatasi waliniandika fundi wa marekebisho, lakini kila Jumatatu, kabla mlango haujafunguliwa, nilipanda kwenye dirisha la mbele nikawavisha wale wanawake wanne wa plastiki nguo mpya, kisha nikazunguka nyuma yao na kuzibana kwa pini mpaka zikae. Gauni moja lilikula pini saba, jingine tisa. Mbele kiuno kimetulia, nyuma kitambaa kimerundikana kama mkia. Meneja alisimama barabarani akinielekeza kwa kidole: vuta, legeza, hapo hapo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha kwetu hakikuhitaji hata kutembea. Kilisimama dirishani, na aliyekisimamisha ni mimi.

Sisemi kwa wivu wa fundi. Nguo zile nimezifumua kwa mkono wangu, nazijua mpaka tumboni. Mshono umeachiwa kitambaa cha upana wa ukucha. Mfuko una mdomo, lakini ukitia mkono hakuna mfuko. Kifungo kimeshikwa na nyuzi mbili na dua. Na saizi, jamani. Lebo inasema "kati", ila mwenye huo mwili wa kati sijakutana naye mpaka leo: bega la mtoto, nyonga ya mama wa watoto watano, mkono wa mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ukivaa nguo zetu, cha mvunguni kisahau tu.

Basi akaja Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Ni mpishi wa shule. Kwa miaka thelathini na mbili amekoroga masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, na mikono yake imejaa kazi hiyo kuanzia bega. Ijumaa walikuwa wanamuaga. Angepanda jukwaani, apokee cheti, awapungie watoto aliowalisha. Nilishasema nitamshonea, akakataa.

"Umeshanishonea vya kutosha, mwanangu. Mara hii nataka nguo yenye lebo." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye gauni la kijani. "Hilo hilo. Nimelipita wiki nzima nikilitazama."

Nilichomoa pini kumi na moja, moja moja, nikazibana midomoni kama mafundi tunavyofanya. Akalivaa, akageuka mbele ya kioo huku mikono ameilaza ubavuni.

"Linanifaa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Pini zilikuwa midomoni, ni kweli, lakini si pini zilizonifunga mdomo. Meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Niliona aibu hata kabla sijamaliza kuitikia.

Jumatano asubuhi alirudi na gauni kwenye mfuko na risiti mkononi. Alikuwa nyumbani akijizoeza kupunga, akainua mkono wa kulia mara ya pili, na kwapa likachanika mpaka mbavuni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na cherehani yangu, nasikia kila neno.

Meneja alimwonyesha maandishi ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha, kwa kuwa Shangazi hakuondoka, akaongeza, "Mama, gauni halina tatizo. Tatizo ni mikono. Mikono hii si ya saizi hii."

Wateja wawili wakacheka. Shangazi, ambaye huwanyamazisha watoto mia sita kwa jicho moja, aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Labda ni kweli," akasema polepole. "Ningeangalia vizuri." Akaanza kuvuta mikono ya sweta lake chini, aifunike.

Hapo maji yakazidi unga. Nilitoka nyuma ya pazia, nikampita Meneja, nikapanda dirishani. Nikamshika mwanamke wa kwanza wa plastiki kiunoni na kumgeuza. Nikamgeuza wa pili, wa tatu, wa nne. Wote wakaangalia ndani, migongo yao barabarani, pini zikimeta kwenye jua la saa nne.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nawaonyesha wateja nguo."

"Wageuze."

"Nimeshawageuza."

Nje alisimama mtu mmoja, kisha watatu. Mwanamke mmoja aliyebeba mfuko wa duka letu alisogeza uso kwenye kioo, akahesabu kwa kidole, halafu akaingia.

"Mimi nilidhani nimenenepa," alimwambia Meneja. "Mwezi mzima sili jioni."

Waliocheka hawakucheka tena. Meneja alinisogelea. "Ukishuka hapo, kazi huna."

"Sawa. Cherehani ni yangu, na mkasi ni wangu."

Nilikuwa bado nakusanya nyuzi Shangazi alipoingia nyuma ya pazia. Aliikunja mikono ya sweta mpaka juu ya kiwiko, akaipakata ile cherehani ya chuma ambayo wanaume wawili waliiingiza kwa kuhema, akatoka nayo.

"Pisha, baba," alimwambia Meneja mlangoni. "Mikono mikubwa inapita."

Nyumbani nililifumua kwapa. Lilihitaji kipande cha kuongeza, na kijani kile hakikupatikana popote. Shangazi akaleta aproni yake ya bluu, iliyofuliwa mpaka ikalainika.

"Tia hii."

"Itaonekana, Shangazi."

"Nikiinua mkono tu."

"Na utainua."

"Basi itaonekana."

Nilikata, nikapima mkono wake, nikaupima tena kwa kuwa nilitaka kuchelewa kusema. "Nilijua halikufai. Siku ile nilijua."

"Nilikuona. Tangu una miaka sita, ukidanganya unaangalia viatu vyangu." Alikuwa anaviringisha uzi. "Nililitaka tu. Ila usinifanyie tena."

Ijumaa alipokea cheti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuinua juu, juu kabisa, na ile bluu ikaonekana mpaka mstari wa nyuma nilipokaa. Watoto waliitambua aproni ile, wakapiga kelele. Hakuushusha mkono mpaka walipochoka wao, na mshono wangu ukashika, kimya.