Vanishi ya Maji

"Nani hapa anaitwa Msomi?"

Mwanamume aliyeuliza alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, amekumbatia kitu kilichofungwa taulo kama anayebeba mtoto mwenye homa. Sikuwahi kumwona. Jina hilo la utani alinipa mjomba siku niliyorudi kutoka chuoni na cheti changu, nami nilidhani halijawahi kutoka nje ya kuta zetu.

"Ni mimi," nikasema.

Akalaza taulo mezani, akalifungua. Ilikuwa sanamu ya nesi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Niliitambua mara moja. Mjomba aliichonga, mimi nikaipaka rangi: mkanda mwekundu, saa ndogo kifuani, sare nyeupe. Ila weupe haukuwepo tena. Sare ilikuwa na rangi ya chai iliyomwagikia shuka.

"Mama yangu alistaafu mwaka jana," akasema yule mgeni. "Manesi wenzake wakampa hii. Aliipenda mno, akaifungia kabatini isishike vumbi. Jana ameitoa, ananiuliza, ni nani huyu amevaa sare chafu? Miaka thelathini amefua sare zake kwa mkono. Anasema hata akifa tusithubutu kumvika hiyo."

Nilikaribia kucheka, nikaona yeye hacheki.

"Wenzake wanakuja kumtembelea Jumamosi. Wao ndio walioniambia nimtafute Msomi. Eti uliwaahidi haitageuka rangi."

Niliwaahidi kweli. Tena niliwaambia, mkono wangu ukiwa juu ya ubao wa majaribio, kwamba ikigeuka wanirudishie mimi mwenyewe.

Ubao huo ulikuwa fahari yangu. Mwaka wangu wa kwanza pale niliupaka mistari ya rangi nyeupe na buluu, nusu nikaacha mti mtupu, bila rangi, kisha nikapitisha vanishi mbili juu ya vyote: ya mafuta na ya maji. Nikaukata vipande viwili, kimoja nikakiweka dirishani, kingine nikakifungia kwenye droo miezi mitano. Vanishi ya mafuta iliupendezesha mti mtupu, ikaufanya uwe na joto kama ngozi iliyopakwa losheni. Lakini juu ya nyeupe iligeuka manjano, na kile kipande cha gizani ndicho kilichogeuka zaidi. Buluu ikawa kijani. Ya maji, ambayo koponi inafanana na maziwa, ilikauka ikapotea kabisa, rangi ikabaki ilivyo. Basi nikaandika kwa herufi kubwa: kilichopakwa rangi, vanishi ya maji; mti mtupu, ya mafuta. Mjomba akautundika ubao mbele ya duka. Akanishika bega mbele ya wateja, akasema, "Huyu ndiye nitakayemwachia karakana."

Yeye alijiwekea kazi ya mwisho. Alipaka vanishi peke yake katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kwa sababu ya vumbi.

"Jumamosi asubuhi," nikamwambia mgeni. "Kabla hawajafika. Nitaileta mwenyewe."

Alipoondoka nilikwenda rafuni. Kopo la vanishi ya maji lilikuwa pale lilipokuwa siku zote. Kila Jumatatu nililipangusa vumbi. Tangu ubao ule sikuwahi kulinyanyua. Siku hiyo nililinyanyua, likanilemea mkono. Nikabandua kifuniko kwa patasi. Ndani, chini kidogo tu ya ukingo, palikuwa na ngozi nene iliyoganda kama mpira wa kandambili.

Kobe, fundi mwenzangu aliyekuwa akipiga msasa mgongo wa tembo wa mti, aliacha kusugua. Tulikula chakula cha mchana benchi moja karibu miaka miwili.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Akapuliza vumbi kwenye kope zake. "Kila mtu alijua, Msomi. Hata paka."

"Na hukuniambia."

"Mwanzoni tulidhani unajua. Baadaye tukaona hujui. Halafu ikawa haisemeki tena."

Nilimpelekea mjomba kopo. Alilitazama, akaweka nyundo yake chini taratibu.

"Keti, mpwa wangu."

"Nitasimama."

"Hii kitu inasumbua. Inasimamisha nyuzi za mbao, usugue, upake, usugue tena. Mara tatu! Ile ya mafuta napaka mara moja, kitu kinang'aa, mteja anafurahi."

"Mjomba, kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa upole. Upole huo ndio ninaoukumbuka kuliko neno lolote.

"Ungejua, ungeweza kusimama pale mbele ukawaambia haitageuka?"

Nikaliweka kopo juu ya meza yake.

"Umeona? Nimekulea mimi, nakujua. Uongo huuwezi, unatetemeka midomo. Kwa hiyo nikakuacha uamini. Watu wakikutazama, wananunua."

Alisema hivyo kama mtu aliyenibebea mzigo mzito, na sasa anangoja nimshukuru. Nilihesabu kichwani sanamu nyeupe nilizozisifia, nikaishia kati. Kila moja ilikuwa imetoka mlangoni ikiwa na neno langu.

"Nitaitengeneza ya huyu nesi," nikasema. "Nitaipeleka Jumamosi."

"Ukimtengenezea mmoja, watarudi wote. Wataifunga karakana hii." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ukitoka nayo, usirudi kunifungulia duka."

"Mjomba."

"Nimesema."

Niliifunga ile sanamu kwenye taulo lake nikatoka. Kobe alikuwa ameinamia tembo wake, anasugua mahali palipokwisha kulainika.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi nyumbani, juu ya meza ya kupigia pasi, mbele ya dirisha. Nilikwangua mng'ao wa mafuta kwa msasa laini uliolowa maji, polepole, nikikwepa pua na vidole ambavyo mjomba alivichonga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mara mbili nililia, si kwa hasira tu. Nilipaka nyeupe upya. Nikapaka mkanda na saa. Kisha vanishi ya maji niliyoinunua mwenyewe, mara tatu, nikingoja na kusugua kila baada ya kupaka. Kila mara sare ilifunikwa na ukungu wa maziwa, kisha ukungu ukaondoka, nesi akabaki.

Jumamosi saa mbili na nusu nilibisha hodi. Mama mwenyewe alifungua, mdogo, nywele fupi za mvi, kanga imepigwa pasi. Hakunisalimu kwanza. Aliichukua sanamu akaenda nayo dirishani, akaigeuza mgongo, akaigeuza uso, akapitisha kidole gumba kwenye kola.

"Hii sasa inaweza kuingia wodini," akasema.

"Hata ukiifungia kabatini, mama, haitageuka."

Akaiweka katikati ya meza, akasogeza vikombe kuipa nafasi.

"Wenzangu watafika saa nne. Keti unywe chai, mwanangu, au wanakungoja kazini?"

Jumamosi ilikuwa siku ya wateja wengi kule karakanani.

"Hapana, mama," nikasema, nikavuta kiti.