Mstari wa Fedha Tumboni

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi kola ya sare ya shule alipoona mstari wa tumboni mwake, ule unaowatokea wajawazito, umegeuka rangi ya fedha. Akisogeza pasi karibu, unapanda hadi kitovuni. Akienda dirishani, unashuka.

"Mama, hebu njoo uone."

Mama mkwe wake, muuza samaki sokoni, alikuja na kisu mkononi. Akatazama.

"Umenawiri, mwanangu. Ni yale mapande ya samaki."

Katika nyumba ile samaki mkubwa kuliko wote aliliwa na mjamzito peke yake. Mume alikaa pembeni akimeza mate.

Majirani hawakukawia. Mwoka mikate, naye mjamzito, alipitia kila asubuhi kujua kama unga utaumuka. Wenye watoto wenye homa walimpakatisha, wakasoma mstari, wakashukuru. Hata kiwanda cha taa cha kando ya mto kilimtuma bwana mmoja mwenye miwani. Alimlinganisha na kipimajoto chake, akamsifu kwamba hakosei, akarudi kazini kufungulia mtoni bomba la maji machafu.

Kliniki, nesi aliugonga mstari kwa ukucha.

"Zebaki hii, ile ya kwenye kipimajoto. Samaki mkubwa hula wadogo, na zebaki yao yote hubaki mwilini mwake. Ukimla, inamfikia mtoto, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Anaweza kuchelewa kukaa, hata kusema."

"Basi niache samaki?"

"Nani kakwambia? Acha hayo majitu. Kula dagaa."

Jioni fundi alisukuma sahani ya pande kubwa, akaomba dagaa.

"Dagaa?" mama mkwe akang'aka. "Mjukuu wangu kakosa nini?"

"Mama, nataka aje aniite mapema. Na wewe akuite bibi."

Mama mkwe alinuna, akakaanga dagaa huku akibamiza sufuria hadi mume akahamia uani. Siku zilivyopita, mstari ukaanza kushuka, taratibu, kama mzee anayeteremka ngazi. Mtoto akapiga teke. Fundi akacheka peke yake.

Lakini jitu la samaki halitupwi. Mama mkwe alikuwa akilifunika vizuri na kumpelekea mwoka mikate. Fundi alipogundua, alikimbia na slipa moja, akamkuta shoga yake analamba vidole.

"Usile!"

"Nimeshakula, tena tamu!" Mwoka mikate akafunua tumbo. Mstari uling'aa hadi kifuani.

Majirani wakafurahi sana. Foleni kwa fundi ilikuwa imezidi, na sasa kipimajoto cha pili kimepatikana.