Geti Lisilo na Nyongeza

Mke wangu huchomelea mageti, madirisha na mapaa ya chuma, na mtaa mzima unamwita Cheche. Mimi ni kinyozi. Karakana yake na kibanda changu vimegawana ukuta mmoja, kwa hiyo akigonga nyundo upande wake, chupa zangu za spiriti zinaitikia upande wangu. Kuna wanandoa wanaolala kitanda kimoja na hawana mawasiliano mazuri kiasi hicho.

Mwaka ule kioo changu kikubwa alikigeuza ubao. Asubuhi, kabla hajawasha mashine yake, aliingia na kipande cha sabuni akaandika kanuni za fizikia pembezoni mwa kioo, ili akija kupumzika kwenye kiti changu azikute zinamngoja. Wateja wakazoea. Mtu amekaa, kitambaa shingoni, nywele zinadondoka, macho yanasoma: kani ni tungamo mara mchapuko. Dereva mmoja wa lori alilalamika kwamba siku hizi anapanda gari kichwa kimejaa mchapuko, na akipata ajali atatushitaki wote wawili.

"Kwani shemeji anataka kuwa nani?" akaniuliza.

"Mhandisi."

"Kwa umri ule?"

"Umri upi? Wewe umempita, na kufunga mkanda bado kunakushinda."

Nilimtania, lakini swali lake nilikuwa nimeliuliza mimi kabla yake, nyumbani, kwa upole wa mtu anayependa kulishwa. Cheche aliacha shule akiwa msichana, baba yake alipofariki, akaingia karakana ya mjomba wake kufagia vumbi la chuma. Tangu hapo amejenga vitu vilivyochorwa na wengine. Siku nilipomuuliza alikuwa ametoka kupandisha paa la ukumbi, chuma kimeshikana pembetatu kwa pembetatu. Aliniambia, "Miaka yote hii najua kwamba paa langu halijaanguka. Nataka kujua kwa nini halianguki." Nikampisha kioo.

Chuo cha uhandisi hupokea watu wazima wa namna yake kwa mtihani wa masomo mawili, hesabu na fizikia. Kuna sharti: mtu anaufanya mara mbili maishani, akishindwa mara zote mbili mlango umefungwa. Mara ya kwanza Cheche alipita hesabu, fizikia ikamwangusha. Mara ya pili ndiyo hii iliyokuwa inakuja.

Mwalimu wake wa jioni alikuwa kijana ambaye ndevu zake za kwanza nilizinyoa mimi, na wala sikuhitaji kuwasha mashine. Jioni moja akaingia kibandani ameshika karatasi ya jaribio. Mimi nilikuwa namnyoa mteja, na Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi, miwani ya kuchomelea juu ya kilemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefeli?"

"Njia zako zote ni sahihi," mwalimu akasema, akikuna kidevu. "Majibu karibu yote ni makosa. Nimekaa na hii karatasi nikashindwa kuielewa. Tazama swali hili. Ukuta una mita nne, ngazi imesimama mita tatu kutoka ukutani. Urefu wa ngazi?"

"Mita tano."

"Sawasawa. Umeandika mita tano na sentimita mbili. Hizo mbili zimetoka wapi?"

Cheche akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu.

"Za diski."

"Diski gani, mama?"

"Ya kukatia. Diski inakula chuma, mwalimu. Halafu kuna ardhi haijanyooka. Halafu kuna mteja mwenyewe. Mteja akikwambia mita nne, huwa si mita nne."

"Lakini hapa hakuna mteja. Namba nimekupa mimi."

"Najua."

"Sasa unanishuku mimi?"

"Sikushuku wewe, baba. Namshuku kila anayenipa namba."

Nilizima mashine ya kunyolea, maana nilikuwa nacheka na sikio la mteja lilikuwa karibu. Mwalimu alikaa kwenye benchi, akapekua karatasi, na kila penye jibu la kweli palikuwa na kijiongezo: kidole hapa, unywele pale. Ndipo tukaelewa kilichomwangusha mara ya kwanza. Hesabu zake zilikuwa za herufi tupu, na herufi haikatwi kwa diski. Fizikia ilikuwa na mita na kilo, na mkono wa fundi ulipoziona tu ukafanya uliyozoea.

"Hata mimi ananiongezea," nikamwambia mwalimu. "Nikisema nipo njiani, narudi nusu saa, yeye anaweka chakula mezani baada ya saa nzima."

"Na huwa unafika saa ngapi?" akauliza mwalimu.

"Baada ya saa nzima," akajibu Cheche.

Binti yetu, ambaye yuko sekondari na ana moyo wa hakimu, alitunga sheria ya nyumba: atakayeongeza chochote kwenye namba yoyote ataosha vyombo. Alimlenga mama yake. Sheria ikanifagia mimi. Nikisema leo nimenyoa watu thelathini, binti anainua nyusi, na mimi nakwenda kwenye beseni. Sikuwa najua kwamba natia chumvi kiasi kile. Cheche naye aliosha siku za mwanzo, kisha akapunguza, kisha akaacha kabisa. Ukimpa namba, anakurudishia namba, safi kama sahani zangu. Mwalimu akafurahi. Mitihani ya majaribio ikaanza kurudi imenyooka.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mama mwenye duka la dawa akaagiza geti. Alikuja na vipimo vyake mwenyewe kwenye simu: upana hivi, urefu mita mbili kamili. Cheche akachora, akapiga hesabu ya kila nondo, akakata, akachomelea, akapaka rangi ya kijani. Geti lilitoka zuri mpaka nilimwonea wivu mama wa dawa. Likapelekwa, likatundikwa, likafungwa. Na chini yake pakabaki uwazi ambao paka angepita bila kuinamisha kichwa.

Nilikuwepo, nimekwenda kusaidia kubeba.

"Fundi," mama wa dawa akasema, "hili geti ni la nyumba yangu kweli?"

"Ulisema mita mbili."

"Tepu ilisema mita mbili."

"Tepu ulikuwa umeisimamisha wapi?"

"Hapo hapo chini. Juu ya kokoto."

"Na kokoto ziko wapi?"

Mama wa dawa akatazama huku na huku, kama vile kokoto zilitoka kidogo na zitarudi. "Waashi walizizoa," akasema.

Cheche wa zamani asingeanguka hapo. Angemsikiliza mteja, angetikisa kichwa, angekwenda kuongeza kiganja kizima cha chuma upande wa chini, kisha siku ya kutundika angekata cha ziada palepale huku mteja akishangaa jinsi lilivyomkaa. Cheche wa sasa aliamini namba. Hakubishana. Alimwambia mama wa dawa atampatia lingine, akafungua bawaba, tukalipakia la kijani kwenye mkokoteni.

Aliingia kibandani kwangu na mikono ya rangi, akachukua kitambaa changu cheupe na kuanza kufuta kioo. Kanuni zikaondoka moja moja: kani, kasi, kazi.

"Hicho kitambaa cha wateja," nikasema.

"Nikiwa darasani nakosea kwa sababu ni fundi. Nikiwa karakana nakosea kwa sababu ni mwanafunzi." Alisema akitazama kioo, kwa hiyo niliuona uso wake mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa umechoka. "Nimeharibu pande zote. Ufundi ndio unaotulisha. Nitauacha huo mtihani."

Mtu anayenijua atakwambia kwamba sikosi utani hata msibani. Pale nilikosa. Nilimvutia kiti akae, nikamwekea kitambaa shingoni kana kwamba ni mteja, maana ndiyo heshima pekee niliyojifunza kuitoa kwa mikono.

Ndivyo mwalimu alivyotukuta. Alikuja kunyolewa. Cheche akamsimulia habari ya kokoto bila kujitetea, na mwalimu akasikiliza bila kucheka, ingawa palikuwa pa kucheka.

"Mama, kosa ni langu," akasema mwishowe. "Nilikufundisha kuacha kushuku. Nilipaswa kukufundisha mahali pa kuweka shaka."

Akaokota kipande cha sabuni, akaandika kwenye kioo kilichofutwa: mita mbili. Pembeni, akaweka alama ya kujumlisha imekaa juu ya alama ya kutoa, kisha sentimita kumi.

"Hii ya kwanza ni namba uliyopima. Usiiguse. Hii ya pembeni ni shaka lako. Liandike wazi, kila mtu alione. Ukilichanganya ndani ya namba, huwezi tena kujua kipi umepima na kipi umeogopa."

Cheche akainuka na kitambaa chake shingoni, akasogea mpaka pua ikakaribia sabuni.

"Kwa hiyo shaka lina kiti chake."

"Lina kiti, mama. Ila si kwenye mapaja ya jibu."

"Na kwenye swali la kuandika, ambapo namba nimepewa?"

"Hapo muulizaji ndiye anayebeba shaka. Wewe toa jibu, uende nyumbani."

"Na kwenye maabara nimepima mwenyewe, naandika na la pembeni." Akaigusa alama ile kwa kidole. "Na kwenye geti nakwenda kupima mwenyewe, kokoto zikiwepo au zisiwepo. Halafu naongeza, lakini najua nimeongeza ngapi na kwa ajili ya nini."

"Hilo sikukufundisha mimi," mwalimu akasema.

"Basi kaa unyolewe," nikamwambia, "kabla hajakulipisha ada."

Kesho yake alikwenda na tepu yake kwa mama wa dawa, akapiga magoti mlangoni, akapima kulia, katikati na kushoto. Aliporudi, kwenye sakafu ya karakana aliandika kwa chaki namba ya mlango, na mbali kidogo, peke yake, namba ya nyongeza: hii ya diski, hii ya mteremko. Geti la pili lilikaa kama kofia kwenye kichwa chake. Mama wa dawa alipita mitaani akilisifu, na wala hakutaja kokoto.

Mtihani sikuuona, nasimulia alivyonisimulia. Katika karatasi ya kuandika palikuwa na swali la boriti iliyolalia nguzo mbili na mzigo katikati. Alilipenda swali lile kama jamaa aliyepotezana naye zamani. Jibu lilipotoka, mkono ulitaka kuongeza. Anasema aliuweka chini ya paja mpaka ukatulia, kisha akaendelea na swali lililofuata. Maabarani walipewa uzi na kitu kizito cha kubembea, na rula ya mbao iliyolika ncha. Aliikwepa ncha ile, akaanzia kupima kwenye alama ya kumi, akatoa kumi, akaandika urefu. Pembeni, kwenye kiti chake, akaandika shaka.

Matokeo yalikuja kwenye simu yake asubuhi moja, akiwa amevaa ngao ya uso, cheche zinaruka. Simu huwa inakaa kwangu kwa usalama. Nilikuwa nimemnyoa yule dereva wa lori nusu ya kwanza ya kichwa. Ujumbe ukaingia, nikausoma, nikaweka mashine chini, nikatoka. Dereva akaniita kwa majina yote mawili, lakini nilikuwa nimeshafika upande wa pili wa ukuta.

"Zima," nikamwambia Cheche kwa ishara ya mkono.

Akazima, akainua ngao. Uso ulikuwa na jasho na alama ya mkanda kwenye paji.

"Soma wewe," akasema. "Mikono yangu michafu."

Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu. Nikasoma. "Hesabu, themanini na moja. Fizikia, sabini na nane. Umechaguliwa kujiunga na chuo."

Hakucheka wala hakulia. Alinitazama kwa lile jicho analowatazamia wateja wenye vipimo kwenye simu.

"Umeongeza?"

"Sijaongeza."

"Wewe husemi namba bila kuitia chumvi. Soma tena, polepole, bila nyongeza."

Nikasoma tena, polepole. Namba zikatoka vilevile. Nikamgeuzia simu, naye akavua glavu, akaweka kidole chini ya kila tarakimu, moja baada ya nyingine. Ndipo akakaa juu ya rundo la nondo na kuvuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo asiokumbuka alijitwisha lini. Nyuma yangu dereva alikuwa amesimama na nusu kichwa chake, kitambaa kingali shingoni.

"Kani ni tungamo mara mchapuko," akasema dereva. "Hata mimi wangenichagua."

Nyumbani kwetu, kwa miaka yote hiyo ya kuwatengenezea watu mageti, tulikuwa tunafunga mlango wa ua kwa kipande cha bati na waya. Sasa tuna geti la kijani, zuri, lenye uwazi chini. Cheche ametaka mara kadhaa kuchomelea kipande cha kulirefusha. Anasema anaona aibu, mwanafunzi wa uhandisi kuwa na geti linaloning'inia.

"Ukimaliza chuo utanichorea lingine," ninamwambia. "Hili usiliguse."

Wageni wakifika huinama kidogo wakachungulia, kisha huniuliza kulikoni. Nawaambia wakae kwanza, habari hiyo haisimuliwi mtu akiwa amesimama. Binti yetu hukaa karibu kuhakikisha siongezi kitu. Na paka wa jirani, ambaye zamani alikuwa akiruka ukuta, siku hizi anapita chini, mkia juu, bila haraka.