Sululu Mmoja Tu

Wekoye alirithi bunduki kuukuu ya babake, isiyo na jina la aliyeiunda wala namba. Mkewe, Jelagat, alimsihi aipeleke polisi Kitale. Akakataa katakata: lazima kwanza aangushe sululu mmoja, kama alivyofanya marehemu babake.

Kwenye kinamasi, ndege huyo wa mdomo mrefu alichomoka nyasini, akaruka akipindapinda. Wekoye akafyatua. Ikalia ka! basi. Akaitukana, akaifungua, akatoa risasi iliyogoma, akachungulia mtutu kuelekea juani. Giza tupu. Nyigu walikuwa wameuziba kwa udongo mgumu kama tofali. Ingelipuka, ingempasukia usoni. Akaketi matopeni akicheka peke yake.

“Umemkosa, Baba Ian?” Jelagat akauliza nyumbani.

“Nimemkosa, na bado niko na pua. Lete gunia la kufungia bunduki, twende polisi.”