Sumaku ya Gachanja

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na tayari Naftaly alikuwa akipasha mbavu za mbuzi ndani ya maikrowevu ya marehemu kaka yake. Wakiuru, mjane, alitazama mafuta yakichuruzika juu ya vumbi jekundu.

Gachanja hakupikia chakula humo. Aliiokota oveni hiyo kwenye jaa la hoteli, akaitengeneza hapa mtaani Huruma ili achomee jiwe jekundu, lenye chuma kidogo, ambalo sumaku hulipita kama haijaona kitu. Alilisaga, akalichanganya na unga wa makaa, akalifunika ndani ya kikombe cha udongo. Likipoa limefunikwa, hutoka jeusi na sumaku hulinyanyua. Likifunuliwa lingali moto, wekundu hurudi.

"Shemeji, Abukar wa karakana ya kuyeyusha chuma anakuja leo," Naftaly alisema, akilamba vidole. "Tutamuuzia huu ujuzi."

"Wewe umewahi kuchoma hata kikombe kimoja?"

"Aa! Kuchoma ni kuchoma. Hata mahindi nachoma."

Abukar alifika, akatoa pole, akaketi. Naftaly alichota unga wa jiwe kwenye gunia, akauchoma, akaufunua ukifuka moshi. Akaichovya sumaku humo, ikatoka imeota ndevu za chuma.

"Wallahi, marehemu alikuwa fundi," Abukar alisema.

Lakini unga ulikuwa mwekundu vilevile, na ndevu zile zilimetameta. Wakiuru aliichukua sumaku, akaichovya guniani, kwenye unga mbichi. Ikaota ndevu zilezile.

"Umetia humu chenga za chuma kilichopigwa tupa," akamwambia shemeji yake. "Hata matanga ya ndugu yako huyaonei haya?"

Abukar alisimama. "Kumbe hata marehemu alikuwa akicheza mchezo huu huu!"

"Mzee, keti. Baba Mbeti, mume wangu, hakuwa mwongo."

Wakiuru alisugua mafuta ovenini kwa majivu, akivuta pumzi kwa mdomo asisikie harufu. Akatwaa jiwe zima chini ya kitanda, akalisaga mbele ya Abukar. Sumaku haikunyanyua hata punje. Akalichoma na unga wa makaa ndani ya kikombe kilichofunikwa. Naftaly aliponyoosha mkono kufunua, Wakiuru alimpiga kofi mkononi. "Toa mafuta yako hapa."

Walingoja mpaka kikombe kikapoa. Sumaku ilinyanyua punje nyeusi, kiasi cha kijiko cha chai.

Abukar alizisugua kidoleni. "Hazitalipa hata stima ya kuzichomea, mama. Sinunui." Akavaa kofia. "Lakini alikuwa fundi. Pole tena."

Wakiuru alizifunga punje zile katika pindo la leso. Nyuma yake mlango wa oveni ulibamizwa: Naftaly alikuwa amerudisha mbavu zake.